Damu ya Mtoto wa Mgeni: Uhakiki wa Riwaya ya Kintu

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa Kipaimara katika makanisa yetu amepata kujifunza, mara baada ya Amri Kumi, lile onyo la Kutoka 20 ambalo Martin Luther aliliweka mwishoni mwa sehemu ya kwanza ya Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529: kwamba uovu wa wazazi hudaiwa kwa watoto, hata vizazi vitatu na vinne. Wengi hulikariri, huwekewa mikono, kisha huliacha kanisani. Lakini swali lililomo ndani yake haliwaachi wao. Huwarudia siku mtoto anapougua ugonjwa usiojulikana, au kijana wa tatu katika nyumba ile ile anapokufa kabla ya kuoa. Ndipo wazee wanapoketi na kusema kwamba ukoo una deni. Mchungaji akiitwa siku hiyo, hukuta mara nyingi kwamba mganga amekwisha kutangulia.

Katika makala hii twakusudia kuichunguza riwaya moja iliyolichukua swali hilo na kulibeba katika miaka mia mbili na hamsini na minne ya historia ya jirani zetu wa Buganda. Riwaya hiyo ni Kintu, ya Jennifer Nansubuga Makumbi, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Uingereza. Muswada wake ulishinda shindano la miswada la Kwani? mwaka 2013, na kitabu kikachapishwa Nairobi na Kwani Trust mwaka 2014. Baadaye kikatolewa Marekani na Uingereza, na mwaka 2018 mwandishi akapewa tuzo ya Windham-Campbell. Sifa hizo si sababu yetu ya kukileta hapa. Tunakileta kwa kuwa kinauliza maswali ya teolojia kwa ukali kuliko vitabu vingi vya teolojia, na kwa kuwa majibu yake hayapasi kupokewa bila kupimwa.

Muhtasari wa riwaya

Riwaya inafunguliwa Januari 2004 huko Bwaise, mtaa wa watu wa hali ya chini jijini Kampala. Kijana aitwaye Kamu Kintu anatolewa nyumbani kwake na viongozi wa mtaa. Njiani kundi la watu linamdhania kuwa mwizi, naye anapigwa hata kufa. Kisha mwandishi anaturudisha mwaka 1750. Kintu Kidda, Ppookino, yaani mtawala wa jimbo la Buddu, anasafiri kwenda kumtolea heshima Kabaka mpya, Kyabaggu. Njia inapita Lwera, ile nyika kavu ya riwaya iliyo kati ya Buddu na makao ya mfalme. Katika msafara yumo kijana Kalema, mwana wa Ntwire, mgeni kutoka Rwanda. Kintu amemlea Kalema nyumbani mwake kama mwanawe, sawasawa na Baale, mtoto wa mkewe Nnakato. Kijana anakunywa katika kibuyu cha mtawala. Kintu anampiga kofi. Kalema anaanguka na kufa. Anazikwa kwa haraka njiani. Baba yake haambiwi. Ntwire anapoutambua ukweli, anatamka laana juu ya Kintu na uzao wake wote. Baale anakufa karibu na siku ya arusi yake, Nnakato anajinyonga, na Kintu mwenyewe anatoweka.

Sehemu nne zinazofuata ni za wazao wao wa siku zetu. Suubi anaandamwa na pacha wake aliyekufa. Kanani ni Mkristo wa uamsho, na watoto wake pacha, Ruth na Job, wanaangukia katika uhusiano usiotajika. Isaac Newton ni mtoto aliyezaliwa kwa mama kubakwa. Mkewe amekufa, naye anaogopa kujua kama anao UKIMWI. Miisi ni msomi aliyesoma Uingereza, baba wa Kamu, mzee ambaye amezika watoto wengi na kubaki akilea wajukuu yatima. Sehemu ya mwisho inawakusanya wote, majira ya Pasaka ya mwaka 2004, ili kuiondoa laana.

Watu wa kweli na watu wa kubuni

Yafaa tuanze na ufundi wa kuchanganya historia na ubunifu, kwa maana hapo ndipo riwaya ya namna hii husimama au huanguka. Kyabaggu si mtu wa kubuni. Yumo katika orodha ya wafalme wa Buganda, ile ambayo Apolo Kagwa aliikusanya na kuichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Wanawe Junju na Semakookiro nao ni watu wa historia. Junju alitawala, kisha akauawa katika vita na nduguye Semakookiro, ambaye ndiye aliyekalia kiti baada yake. Makumbi hakulazimika kubuni damu ndani ya jumba la mfalme. Aliikuta katika masimulizi ya wazee. Alichokibuni ni nyumba ya pili kando ya ile ya kwanza: nyumba ya mtawala wa jimbo, ambaye anaona jinsi wakuu wanavyouana kwa ajili ya kiti, anajihesabu kuwa mwema kuliko wao, kisha anaua mtoto kwa sababu ya kibuyu cha maji.

Huo ndio uzuri wa mpango wake. Wafalme wanatajwa na kupita, kama wanavyopita katika vitabu vya Wafalme na Mambo ya Nyakati, ambamo mwandishi humaliza enzi nzima kwa aya chache ili apate nafasi ya kusimulia habari za mjane na chupa yake ya mafuta. Historia kubwa inakuwa ukuta. Maisha ya watu wasioandikwa popote yanakuwa picha inayotundikwa juu yake.

Hata hivyo, msomaji wa historia atasita mahali pamoja. Wanahistoria wa Buganda husimulia kwamba Buddu iliingizwa katika ufalme kwa vita, na ni Junju, mwana wa Kyabaggu, anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeiteka. Basi Ppookino wa Buddu anayemwinamia Kyabaggu mwaka 1750 amewahi mno. Je, hilo ni kosa? Twaona kwamba mwandishi wa riwaya anaruhusiwa uhuru huo ikiwa anaununua kwa kitu cha thamani, na hapa ameununua. Buddu ilikuwa mpakani. Ilimpasa Kintu Kidda awe mtu wa mpakani, mwenye wageni katika ua wake na mwenye kujivunia kwamba chini ya dari lake hakuna aitwaye mgeni. Bila mpaka huo, kifo cha Kalema kisingekuwa na uchungu wake. Lakini mwalimu atakayeitumia riwaya hii darasani na awaambie wanafunzi wake jambo hilo, wasije wakaichukua kuwa kitabu cha historia.

Kuna pengo kubwa zaidi. Kutoka karne ya 18 riwaya inaruka hadi watu wa wakati wetu. Haina sehemu inayosimulia kuja kwa wamisionari wa CMS mwaka 1877 na Wamisionari wa Afrika mwaka 1879. Haina sehemu ya mashahidi waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 katika enzi za Mwanga. Haina sehemu ya utawala wa Waingereza. Wako watakaosema kwamba mwandishi amekwepa. Sisi twadhani amekusudia. Anakataa kumpa Mzungu heshima ya kuwa chanzo cha kila jambo, hata cha mabaya. Waganda wake walikuwa na dhambi zao wenyewe kabla ya meli yoyote kufika, na dhambi hizo ni zao kuziungama. Kwa masikio ya Kilutheri neno hilo lina uzito: mtu ambaye hakuachiwa hata dhambi yake mwenyewe hajaheshimiwa bado kama mtu.

Twaweza kulinganisha na kazi ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya vizazi kadhaa, ambayo ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza, aliyekuwa Mkristo Mkatoliki, naye alirudi katika siku za kabla ya wageni. Lakini alirudi kwa kutunza: alitaka mila, dawa na adabu za Wakerewe zisipotee. Makumbi anarudi kwa kuhoji. Myombekere na Bugonoka wanateseka kwa kukosa mtoto, na furaha yao ni kumpata. Katika Kintu watoto wanapatikana, tena wengi, pacha juu ya pacha, na kila mmoja anazaliwa akiwa na deni asilolikopa.

Kofi na ukimya

Ni dhambi gani iliyofanyika Lwera? Wazao wote katika riwaya wanadhani laana ilikuja kwa sababu ya kofi. Tukisoma kwa uangalifu twaona sivyo. Kofi lilikuwa la hasira, na katika desturi ya wakati ule baba alikuwa na haki ya kumpiga mwana. Kama Kintu angerudi Buddu, akaketi mbele ya Ntwire na kumwambia, “Mwanao amekufa mkononi mwangu,” kungekuwa na kilio, pengine na fidia, pengine na uadui. Laana isingehitajika. Laana ni silaha ya mtu ambaye hana baraza la kumsikiliza. Ntwire ni mgeni. Hana ukoo wa kumsimamia wala mzee wa kumtetea mbele ya mtawala. Amebakiwa na kinywa chake tu.

Kwa hiyo dhambi iliyorithiwa ni ukimya. Nayo ndiyo inayorithiwa kweli kweli, kizazi baada ya kizazi, bila kuhitaji pepo wala uchawi. Kintu hamwambii Ntwire. Wazazi hawamwambii Isaac habari za kuzaliwa kwake kwa namna ya kumponya. Ruth na Job hawana wa kumwambia lililowapata. Isaac hathubutu kuuliza majibu ya kipimo. Kamu anauawa mchana mbele ya watu wengi, na kwa muda mrefu baba yake hajui. Msomaji anaweza kuamini laana au kukataa kuiamini. Mnyororo huu wa mambo yasiyosemwa utabaki mikononi mwake.

Hapa yatupasa kuirudia Katekisimo. Luther hakuiacha Amri peke yake. Aliweka pia mafundisho ya maungamo, akiwaelekeza Wakristo kuyataja mbele ya mchungaji yale wanayoyajua na yanayowalemea moyoni, wapate kusikia neno la msamaha kwa sikio lao. Katika shirika zetu nyingi maungamo yamebaki kuwa maneno ya pamoja kabla ya Chakula cha Bwana, yanayosemwa kwa kasi na kila mtu akiwa salama ndani ya sauti ya wote. Riwaya hii inatuonyesha gharama ya jambo hilo. Kintu Kidda angeweza kuyasema maneno ya pamoja kila Jumapili, na Ntwire angeendelea kumtafuta mwanawe.

Tena aliyeuawa ni mtoto wa mgeni kutoka Rwanda. Wasomaji wa Kagera hawahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, zaidi ya watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara wakikimbia kutoka Rwanda. Kitabu kilichochapishwa miaka 20 baadaye, ambacho mzizi wake ni damu ya mtoto wa Mnyarwanda aliyelelewa katika nyumba ya watu wengine, hakiwezi kusomwa katika nchi za Maziwa Makuu kama hadithi ya kale tu. Kinauliza: mgeni aliye kati yenu, ambaye mnasema ni ndugu, ni ndugu mpaka lini? Mpaka atakapogusa kibuyu chenu?

Kanani na watu wa uamsho

Sehemu itakayowaudhi wasomaji wetu wengi ni ile ya Kanani na mkewe Faisi. Hawa ni watu waliookoka, wa ndani ya Kanisa la Anglikana, wanaohubiri barabarani na kuwahesabu majirani kuwa wamepotea. Wanampenda Mungu, na watoto wao wanakua pembeni ya upendo huo kama watu wanaongoja nje ya mlango. Pacha wanashikamana wao kwa wao kwa kuwa hawana mwingine, na mwisho wa kushikamana huko ni mimba. Mtoto anayezaliwa anakuja kuitwa Kalema, jina la yule aliyekufa Lwera.

Je, picha hii ni ya haki? Uamsho ulioanza Uganda na Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, kwa kazi ya watu kama Simeon Nsibambi na Joe Church, ulivuka mpaka na kuingia Buhaya. Kanisa letu la upande huo limelelewa nao. Matunda yake yajulikana: watu walirudisha mali walizoiba, wakaombana msamaha mbele ya wote, na kuta kati ya kabila na kabila zikatikiswa. Makumbi hataji lolote katika hayo. Walokole wake wana sauti ya hukumu bila sauti ya toba, na msomaji asiyeujua uamsho kwa njia nyingine ataondoka akidhani hivyo ndivyo ulivyokuwa. Hapo twaona upungufu wa kweli wa kisanaa, si wa kidini tu: Isaac na Miisi wamepewa nafasi ya kuonekana pande zote mbili, lakini Faisi ameachwa kuwa upande mmoja.

Pamoja na hayo tusiharakishe kuitupa picha hiyo kwa sababu inachoma. Uamsho uliojengwa juu ya kusema wazi unaweza kuzeeka ukawa lugha ya kuficha. Mtu akishajua maneno ya kutubu, aweza kuyatumia maisha yake yote bila kutubu. Askofu Josiah Kibira, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa uamsho, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu alijishughulisha na swali la jinsi jamaa ya Kristo inavyosimama mbele ya ukoo wa Kihaya. Swali hilo linaingia nyumbani kwa Kanani. Yeye ameukana ukoo wa damu kwa ajili ya jamaa ya waliookoka; lakini jamaa hiyo mpya haikuwapa Ruth na Job shangazi, mjomba wala bibi wa kuwasikiliza. Ukiuondoa ukoo wa zamani, ni lazima uweke mwingine unaofanya kazi yake. Ibada peke yake haitoshi.

Pasaka isiyo na kaburi tupu

Ukoo unakusanyika kufanya matambiko ya kuwatuliza wafu wa kale, chini ya uongozi wa mganga. Walokole, wasomi, wanajeshi na maskini wanalala mahali pamoja. Miisi, ambaye haamini, ndiye anayechaguliwa na ndoto kuwa kiungo kati ya wazee na wazao. Hapa uandishi unafika kilele chake: mtu aliyesoma hata akaacha kuamini dini zote mbili anabebeshwa zote mbili mgongoni. Kisha anajua kwamba mwanawe Kamu ameuawa, na akili yake inavunjika. Nao wale waliomtoa Kamu nyumbani, damu yao inamwagwa. Laana imeondolewa kwa matambiko, na kisasi kimeanza upya.

Mwandishi ameyapanga haya katika siku za Pasaka, na hatudhani kwamba ni kwa bahati. Anaiweka mbele yetu sikukuu ya damu moja iliyomwagwa ili isimwagwe nyingine, na chini yake anaweka watu ambao habari hiyo haijawafikia mahali wanapoumia. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu. Ezekieli 18 inaikomesha mithali ya zabibu kali. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, na Bwana anakataa swali lenyewe. Maandiko haya yote yalikuwa yamehubiriwa Buganda kwa zaidi ya miaka 120 kufikia mwaka 2004. Riwaya inauliza kwa nini hayakufika Kiyiika, nayo haijibu.

Sisi hatukubali kwamba tambiko ndilo jibu, wala hatudhani kwamba mwandishi mwenyewe analiamini kwa ukamilifu. Mwisho wa Miisi wakanusha. Twaikubali, hata hivyo, sehemu moja ya tambiko: watu waliyataja majina ya wafu wao kwa sauti, pamoja, na Kalema akatajwa kati ya wana wa nyumba. Hilo ni jambo ambalo kanisa lingepaswa kulifanya kwanza.

Hitimisho

Kama kazi ya sanaa, Kintu ina kasoro zake. Majina ni mengi mno, na msomaji asiyejua Kiganda atapotea zaidi ya mara moja. Pacha wanarudiwarudiwa hata ishara inapoteza makali. Na Wakristo wa uamsho wamepimwa kwa kipimo kidogo. Lakini ni riwaya kubwa. Imeshika watu wa historia na watu wa kubuni katika mkono mmoja bila kuwaponda, na imeonyesha kwamba historia ya taifa hukaa pia katika mambo ambayo familia moja haikuyasema.

Twapendekeza isomwe na wanafunzi wa teolojia wanaojiandaa kwa huduma ya uchungaji, sambamba na Katekisimo. Wakiisoma watagundua kwamba laana ya Ntwire imepita mbali kuliko onyo la Sinai: tangu 1750 hata 2004 ni vizazi vinane au zaidi, ilhali onyo linaishia cha nne. Tena watakumbuka kwamba sentensi ile ile waliyoikariri kabla ya Kipaimara haikuishia kwenye vizazi vinne. Inaendelea na kutaja rehema, na hesabu ya rehema ni maelfu. Mchungaji atakayeitwa katika nyumba ya ukoo wenye deni na aende na hesabu hiyo ya pili. Na kabla ya kuitamka, aketi na kuuliza ni nani aliyezikwa njiani bila baba yake kuambiwa.